Wapi pa Kupiga Hema Karibu na Gulwe

Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, ikishaiacha Kilosa hupita Kidete na kuingia Gulwe, wilayani Mpwapwa. Kuanzia hapo abiria aliyekaa dirishani huona nchi ya namna nyingine: migunga, mibuyu, makorongo ya mchanga, vilima vya mawe, na mwendo mrefu usio na paa hata moja. Kijana wa mjini anayependa kutembea milimani na kulala kwenye hema hujiuliza swali ambalo ni la haki kabisa. Hili si pori tupu? Na kama ni pori, si ardhi ya umma? Kwa nini nisishuke hapa nikalala siku mbili bila kusikia honi wala muziki wa jirani?

Swali hilo lina maswali mawili ndani yake, na watu huyajibu kama ni moja. La kwanza ni la sheria: ardhi hii inasimamiwa na nani? La pili ni la nchi yenyewe: mbona hapa hapana watu? Anayetafuta mahali pa faragha anahitaji majibu yote mawili, kwa sababu mahali panapokubalika kisheria huenda pasilalike, na panapolalika vizuri huenda pakawa shamba la mtu. Tuanze na sheria.

Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na kwamba Rais ameshikilia dhamana yake kwa niaba ya raia wote. Maneno haya humpa msomaji wa haraka furaha isiyo na msingi. Kama ardhi yote ni ya umma, basi shamba la mtama la mzee wa Gulwe ni la umma, kiwanja cha nyumba ya Mikocheni ni cha umma, na Serengeti ni ya umma. Kuuliza “ardhi ya umma iko wapi?” hakukusaidii kuchagua mahali, maana jibu ni “kila mahali”. Kinachotofautisha kipande kimoja na kingine ni mamlaka inayokisimamia na matumizi yaliyokubaliwa hapo.

Nchi nyingine zina mpangilio tofauti, na miongozo mingi ya kupiga kambi imeandikwa kwa ajili yao. Marekani, idara ya serikali kuu iitwayo Bureau of Land Management inasimamia ekari zipatazo milioni 245, eneo linaloizidi kidogo Tanzania nzima kwa ukubwa. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haina wakazi, na kwa kawaida msafiri huruhusiwa kulala mahali pamoja hadi siku 14 bila kumwomba mtu. Uswidi ina haki ya kila mtu, inayomruhusu mpita njia kulala usiku mmoja hata kwenye ardhi ya mwenzake, mradi asikaribie nyumba wala asiharibu kitu. Mifumo yote miwili ina jambo moja ambalo halipo Gulwe: kanuni ya kitaifa iliyotoa ruhusa mapema, kabla msafiri hajafika. Anayesoma mwongozo wa Marekani kisha akashuka Gulwe na hema lake anabeba ruhusa ya nchi nyingine.

Sheria yetu inaigawa ardhi ya umma katika makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji na ardhi ya jumla. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba takriban asilimia 70 ya nchi ni ardhi ya vijiji, 28 ni hifadhi, na asilimia mbili tu ndiyo ya jumla. Uwiano huo unatosha kumwonya msafiri. Akielekeza kidole kwenye ramani bila kutazama, kuna uwezekano mkubwa kitue kwenye ardhi ya kijiji.

Ardhi ya jumla ndiyo inayosikika kama pori huru, na hapa pana utata unaostahili kuelezwa polepole. Sheria ya Ardhi inasema ardhi ya jumla ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, kisha inaongeza kwamba imo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo, haina nyongeza hiyo. Wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo kwa miaka mingi, hasa kuhusu wawekezaji wakubwa. Kwa mtu mwenye hema, ubishi huo hauna manufaa. Hata ardhi ya jumla ina msimamizi, naye ni Kamishna wa Ardhi, na mara nyingi ina mtu aliyemilikishwa. Ranchi ya Kongwa, iliyo katika nchi ileile ya mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, ina nyasi kila upande hadi macho yachoke, lakini ni mali ya Kampuni ya Ranchi za Taifa. Viunga vya taasisi ya utafiti wa mifugo pale Mpwapwa navyo huonekana mwitu mtupu kwa anayepita barabarani. Ukubwa wa eneo na uchache wa nyumba havikuambii chochote kuhusu mwenye kauli.

Tuje sasa kwenye ardhi ya kijiji. Sheria inaitambua katika sehemu tatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayotumiwa na mtu binafsi au familia, na ardhi ambayo inaweza kugawiwa baadaye. Msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji, inayofanya kazi kama mdhamini na kuwajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya mwaka 2007, huwa kimekwisha kutenga makazi, mashamba, malisho, mapitio ya mifugo na msitu wa kijiji. Mpango huo hubandikwa au kuhifadhiwa ofisini kwa mtendaji, na una manufaa kwa msafiri kuliko picha yoyote ya setilaiti, kwa sababu picha huonyesha miti bila kuonyesha makubaliano ya watu juu ya miti hiyo.

Kulala usiku mbili si kugawiwa ardhi. Halmashauri ya Kijiji ikitaka kumgawia mtu ardhi hulazimika kupata idhini ya Mkutano Mkuu. Mgeni wa hema haombi umiliki, anaomba kupita na kulala. Ndiyo maana kwa desturi shauri lake humalizwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji husika, asubuhi moja, kwa kitabu cha wageni na maelezo mafupi.

Katika ardhi hii ya kijiji msoma ramani wa mjini hukosea mara nyingi zaidi kuliko penginepo, kwa hiyo tukae kidogo. Ugogo, nchi ya Wagogo, una mahame mengi, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Kabla ya mwaka 1970 Wagogo wengi waliishi kwa kutawanyika, kila kaya na tembe lake la udongo lenye paa bapa, mifugo ikilala uani. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, ikifuatiwa na uhamisho wa watu vijijini nchini kote, iliwakusanya watu hao katika vijiji vya Ujamaa. Tembe liliachwa, mvua ikalibomoa, na leo kinachoonekana ni tuta la udongo mwekundu, mabua ya zamani, mbuyu mmoja au miwili. Anayepita huona uwanda uliosafishwa vizuri, bapa, wenye kivuli, kana kwamba umeandaliwa kwa hema. Mwenyeji huona kwa babu yake, na mara nyingi makaburi yako palepale. Baadhi ya familia zilirudi kulima mahame yao. Nyingine hazikurudi lakini hazikusahau. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ililazimika kuweka kifungu maalumu cha kuthibitisha ugawaji uliofanywa kati ya 1970 na 1977, jambo linaloonyesha jinsi madai ya nyuma yalivyokuwa mazito. Kuna pia vichaka na miamba ya matambiko ya mvua, ambavyo havina bango wala uzio. Hakuna ramani iliyochapishwa inayokuonyesha hayo. Mzee wa kitongoji anakuonyesha kwa kunyoosha mkono.

Kundi la tatu ni ardhi ya hifadhi. Kaskazini ya Gulwe, juu ya mji wa Mpwapwa, iko safu ya Kiboriani yenye msitu wake. Upande wa kusini inapanda Milima ya Rubeho, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki, na ndani ya wilaya hiihii upo msitu wa hifadhi wa Mang'alisa. Nchi hubadilika ghafla huko juu: ukungu, ubaridi, miti iliyovaa kuvumwani. Wataalamu wa ndege hawakumjua kwale wa msitu wa Rubeho hadi miaka ya 2000, jambo linalokuambia kiasi gani misitu hiyo imeachwa na wapita njia. Ukitaka faragha kwa maana kamili ya neno, iko huko.

Sharti lake ni kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahesabu kuingia katika msitu wa hifadhi kwa utalii, mapumziko au kupiga kambi kuwa jambo linalohitaji kibali. Kwa misitu ya serikali kuu msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa ile ya serikali za mitaa ni halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo swali la kwanza katika ofisi ya maliasili ya Mpwapwa si “naweza kwenda?”, ni “msitu huu uko chini ya nani?” Malipo yakihitajika, hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na stakabadhi hutolewa. Ukidaiwa fedha mkononi bila stakabadhi, hujapata kibali.

Hifadhi nyingine ni nyembamba na watu huisahau. Ukanda wa reli ni ardhi ya hifadhi, na pale Gulwe pana reli mbili, ile ya zamani iliyofika Dodoma mwaka 1910 na hii mpya. Kando ya mito na maziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Hema si shughuli ya kudumu, kwa hiyo mtu anaweza kujitetea kwa herufi ya sheria. Ziko sababu nyingine za kutolala pale, nazo zinatuingiza katika swali la pili.

Mbona hapa hapana watu? Katika nchi hii jibu la kwanza ni maji. Mji wa Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa kwa sababu hiyo: mbele ya kijiji cha Chunyu lilikuwapo pori la Marenga Mkali, ambalo wapagazi walilivuka kwa mwendo wa haraka, usiku na mchana, maana halikuwa na maji ya kunywa hadi Ugogo. Stanley alilipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Pori lile lilikuwa na faragha ya kutosha, na hakuna aliyetamani kulala humo.

Kanuni inayotoka hapo ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Penye maji pana watu na mifugo, na pasipo watu, maji utayabeba mwenyewe. Mtu mmoja anayetembea juani na kupika hahitaji chini ya lita nne au tano kwa siku, na lita moja ni kilo moja. Siku mbili ni kilo nane hadi kumi mgongoni kabla hujaweka hema. Umbali wa kambi yako kutoka bombani mwa kijiji, basi, hupangwa na mabega yako zaidi kuliko na ramani.

Wengine hujaribu kuikwepa kanuni hiyo kwa kulala kwenye korongo. Mchanga ni laini, kingo huzuia upepo, na ukifukua kidogo maji hutokea. Lakini visima hivyo vya mchangani ndivyo vinavyotumiwa na wenyeji na ng'ombe wao, kwa hiyo faragha huisha alfajiri. Hatari yenyewe ni kubwa kuliko usumbufu huo. Mto Kinyasungwe unaopita Gulwe hukusanya maji ya milima ya Mpwapwa na Kongwa, huteremka Kilosa kwa jina la Mkondoa, na hatimaye huingia Wami. Mvua inaweza kunyesha mbali, mbingu ya Gulwe ikiwa safi, na maji yakafika yote kwa mkupuo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya bonde hili yalizoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na Reli ya Kati ikafungwa kwa miezi. Maji yanayong'oa reli hayatauliza hema ni la nani.

Majira nayo yana hesabu yake. Wakati wa masika mashamba yana mtama, uwele na karanga, na mgeni akipita njia isiyo rasmi anakanyaga chakula. Baada ya mavuno ng'ombe huachiwa mabua, hivyo mahali palipokuwa kimya Aprili hujaa kengele na wachungaji mwezi Julai. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni kavu, usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 13, na kutembea mchana kunavumilika. Kuelekea Oktoba nyasi huwa baruti. Moto mdogo wa chai unaweza kula malisho ya kitongoji kizima. Anayetaka kupika abebe jiko dogo la gesi.

Sasa tuunganishe yale mawili. Msafiri anayejua kazi yake huanza na ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000, inayoonyesha mwinuko, mikondo ya maji na mipaka ya misitu ya hifadhi, akikumbuka kwamba vitongoji vingi vimezaliwa baada ya ramani hizo kuchorwa. Kisha hutazama picha ya setilaiti ya kiangazi, kwa sababu wakati huo vijia vya mifugo huonekana kama nyuzi nyeupe. Zinapokutana nyuzi nyingi pana maji au zizi, hapo hapafai. Anatafuta mgongo wa kilima ambao nyuzi hizo zinauzunguka bila kuupanda, nje ya korongo, mbali na alama za tuta na mbuyu wa mahame. Akiisha kupata sehemu mbili au tatu za namna hiyo, hapigi hema. Anakwenda ofisi ya kijiji, anatoa salamu ya Kigogo, mbukwenyi, na kuuliza habari za sehemu hizo.

Hatua hiyo ya mwisho wengi huiona kama kuharibu jambo lenyewe. Ukitangaza kwamba unakwenda kujificha, umejificha nini? Pingamizi hili lina uzito, na lijibiwe kwa tukio la kweli. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, mkoa huuhuu wa Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na gari lao likachomwa moto walipokuwa kazini kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba ni wanyonya damu. Uovu ule hauhalalishwi na lolote, na vijiji vya Ugogo kwa jumla vina ukarimu unaofahamika. Ila tukio linaonyesha namna mgeni asiyeeleweka anavyosomwa porini. Taa inayowaka kilimani usiku, isiyojulikana ni ya nani, haiwaachi watu walale. Itamleta mgambo, au itawaleta vijana wenye fimbo, na faragha itakwisha vibaya. Taa ileile, mwenyekiti akiwa amekwisha kuwaambia watu ni ya nani, haimshughulishi mtu. Waliojulishwa ndio watakaokuacha.

Kwa hoja hizo naweza sasa kusema ninaloliona. Ukilinganisha makundi yote, mahali bora pa kupiga hema karibu na Gulwe kwa mtu mwenye siku mbili ni msitu wa kijiji uliotengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, au malisho ya kilimani yanayopakana nao. Mashamba hayamo, mifugo huzuiwa au huwekewa kiwango, makazi yako mbali, na mwenye kutoa ruhusa anapatikana asubuhi hiyohiyo. Mang'alisa ni ya mwenye wiki nzima, kibali mkononi na mwenyeji wa kumwongoza. Mahame, makorongo na ukanda wa reli viachwe. Na kabla ya yote, hakikisha treni uliyokatia tiketi inasimama Gulwe, kwa sababu zile za moja kwa moja hupita bila kusimama.

Limebaki jambo moja ambalo msafiri hawezi kulifanya. Leo mtendaji wa kijiji anayeombwa nafasi ya hema hana kanuni ya kufuata. Hukisia, na anayekisia huona salama kukataa. Halmashauri ya Wilaya ya Mpwapwa ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Itunge moja fupi: kijiji kinachotaka kupokea wageni wa hema kitaje eneo, kiasi cha ada kwa usiku, idadi ya watu na katazo la moto, na fedha ziingie kwenye akaunti ya kijiji kwa stakabadhi.